Kofia ya Ubatizo

Msinicheke kabla sijamaliza. Enzi za Mwingereza nilikuwa mfagiaji wa studio ndogo ya redio hapa Njombe. Ilipofungwa, fundi Yohana alipanga vyombo vyote vya sauti masandukuni, viende Makambako kwa lori. Nikifagia, nikaokota kikofia laini cha sufu. Nikajua tu kuna mgeni kasahau kofia ya mtoto. Na baridi yetu hii, na mjukuu wangu anabatizwa Jumapili! Nikakifua, nikakishonea utepe.

Siku zile zote Yohana alihangaika: kifaa kimoja hakionekani, na orodha inakitaka. Nikamsaidia kwa moyo wote, nikitafuta chuma hadi uvunguni mwa kabati.

Jumapili akaja kanisani kutuaga. Akampakata mtoto, akakipapasa kikofia kichwani.

“Mama, hiki tunaivisha maikrofoni, upepo usivume ndani.”

Nikaanza kufungua utepe. Mtoto akaangua kilio, kanisa zima likageuka kunitazama. Yohana akanishika mkono.

“Mwachie, mama. Makambako nitajibu mimi. Sisi tumefunga, mwenzetu ndiyo kwanza anaanza kutangaza.”