Helmeti Mbele ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Baiskeli naitoa sukari ikiisha tu, na helmeti naivaa kwa sababu mteremko wa kwenda Keumbu naujua, na kichwa changu pia nakijua. Akina mama wa ndizi hunicheka: "Wewe, hiyo sufuria umeinjika kichwani unapika nini?"

Asubuhi moja, katikati ya mteremko, nikamwona mama mkwe akipanda na kikapu chake. Kwetu, mama mkwe humsalimii ukiwa na kofia. Ukithubutu, ukoo mzima wa mke wako utakujadili mpaka Krismasi. Ilibidi nichague upesi: heshima au kichwa. Nikachagua heshima. Nikaachilia breki, nikashika kifungo cha kidevuni kwa mikono yote miwili. Kifungo kikakataa kufunguka. Baiskeli yenyewe haikukataa kitu. Ikanipeleka mtaroni, helmeti ikagonga jiwe, ko!

"Bwakire, mama," nikamsalimia kutoka mtaroni, bado navuta kile kifungo.

Mama mkwe akageuza uso kando, kwa adabu, akaongea kama anayeuambia mgomba. "Baba, acha hiyo kofia ikae. Binti yangu akiwa mjane kwa sababu ya salamu, nitawaambia watu nini?"

Siku hizi nikienda kwake naivaa, hata nikienda kwa miguu. Mke wangu anasema nimezidisha. Lakini mimi nina ruhusa ya mama yake.