Picha ya Kifua ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei mjini Tororo, na nusu ya kazi hiyo hufanywa na mikono. Mgonjwa akisimama mbele ya bamba la mashine namshika mabega, namsogeza kidogo, namwinua kidevu, kisha naenda nyuma ya kioo chenye madini ya risasi na kubonyeza kitufe. Kueleza kwa mdomo kunanichosha. Ukimwambia mtu apeleke mabega mbele, yeye anapeleka tumbo.

Sasa fikiria siku niliyoletewa mama mkwe.

Mimi ni Mpadhola wa kijiji cha Kiyeyi, mke wangu Msamia wa Busia, na katika jambo hili watu wetu hawana ubishi: mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawasemezani moja kwa moja, hawakai chumba kimoja. Tangu nioe, mama huyu nilimjua kwa mgongo tu. Nikifika kwake, anaingia jikoni. Akifika kwetu, mimi nakumbuka shughuli za mjini. Kwa namna hiyo tulipendana sana.

Safari hii alikuja kumwona binti yetu wa kwanza, aliyekuwa bado mchanga kabisa, lakini alikuja na kikohozi kisichokwisha. Kule kwao Majanji, kando ya ziwa, yeye hukausha samaki kwa moshi na kuwauza pande zote mbili za mpaka. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu, ila daktari alitaka picha ya kifua ndipo aondoe wasiwasi wa kifua kikuu. Mama akaapa hatambeba mjukuu mpaka ijulikane. Alikuwa akisimama mlangoni, leso mdomoni, akimwimbia mtoto kwa mbali. Mke wangu alikuwa akilia jikoni, na mimi roho iliniuma vibaya.

Mwenzangu kazini alikuwa amekwenda matangani. Nilibaki peke yangu.

Mke wangu akaja na mpango wake: mimi nimwambie yeye, yeye amwambie mama, mama afanye. Mpango mzuri, ila mashine inapowaka hakuna anayebaki chumbani isipokuwa mgonjwa. Asiyehitaji picha hahitaji mionzi, hata chembe. Mtoto mwenyewe tulikuwa tumemwacha ukumbini na nesi.

"Basi nani atamwambia ashike pumzi?" mke wangu akauliza.

Na kabla ya pumzi kulikuwa na gomesi, lile gauni refu la heshima alilovaa. Vifungo vya gomesi vikiachwa, hutokea pichani juu ya mapafu, na daktari ataanza kuhangaika navyo akidhani ni ugonjwa. Rozari nayo ilibidi itoke, pamoja na vazi la ndani lenye vyuma ambalo sikulitaja kwa jina. Niliyasema haya yote nikiutazama ukuta.

"Sasa mimi nasimama uchi mbele ya mkwe?" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Nikamweleza mke wangu kwamba leso ya pamba ya kujifunga mwilini haina shida, mionzi inapita tu. Amfunge vizuri, bila pini wala fundo. Kisha, mashine ikiwa imezimwa, nikamsimamisha yeye pale penyewe ili mamake aone: kifua kwenye bamba, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko mbele. Mama akaelewa mara moja. Mke akatoka, mlango ukafungwa.

Nikamshukuru Mungu kwamba katika picha ya kifua mgonjwa huelekea bamba, mimi akanipa mgongo. Nikaubana mwanga wa mashine uangukie kifua tu, usipotee kwenda kichwani wala tumboni. Hapo nikaona bega la kushoto limebaki nyuma. Mkono wangu ukainuka wenyewe, nikaurudisha mfukoni.

"Mama," nikasema. Sikuwahi kumwambia neno moja kwa moja. "Bega ya kushoto, peleka mbele kidogo."

Bega likaenda.

"Hapo hapo, mama."

Nilitaka picha moja tu. Kurudia ni kumwongezea mtu mionzi bure, na kwa kikohozi kile, angekohoa katikati na picha ingekuwa ukungu mtupu. Nikaingia nyuma ya kioo, nikamkodolea macho, maana utajuaje kama mgonjwa ametulia bila kumtazama?

"Vuta pumzi, mama. Mingi. Shika, usitingishike!"

Akatulia tuli. Nikabonyeza.

"Pumua!"

"Eh! Mimi nafikiri umenisahau," akasema, kisha kikohozi kikamshika.

Picha ikaja kwenye skrini, safi, mabega sawa, mapafu yote mawili mpaka chini. Nilijisifu kimoyomoyo. Lakini kuisoma ni kazi ya daktari, kwa hiyo nilifunga mdomo wangu, nikaipeleka. Nikamchukua mtoto kwa nesi ili angalau mikono yangu iwe na kazi. Daktari aliitazama pafu kwa pafu.

"Hakuna kifua kikuu," akasema mwishowe. "Ni ule moshi wa samaki. Banda lake la kukaushia liwekewe tundu la kutolea moshi, na dawa namwandikia."

Mke wangu alipiga kigelegele hospitalini, bila aibu. Mama akatoka mbio na leso yake tu mwilini, gomesi ameiacha nyuma ya pazia, akaja moja kwa moja kwangu. Nilitafuta pa kukimbilia, sikupaona.

"Shingo!" akanifokea. "Shingo ya mtoto unaacha inaanguka! Watu wote hapa unafundisha kusimama, mtoto hujui kushika?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Akaushika mkono wangu, akausogeza chini ya shingo ya binti yangu mpaka ukakaa sawa. Ndipo akamchukua, akamlaza kifuani, akafumba macho. Nami kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Kidevu ni kile kile cha binti yangu.