Sentensi ya Kufutwa

Pale Mamlaka ya Maji walimwita Kimya, na kwa kuwa hakuwahi kulalamika, jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuandika na kuhariri kila kitu ambacho Mamlaka iliwaambia watu: matangazo, hotuba, ripoti ya mwaka, salamu za rambirambi, hata kibao cha choo cha ghorofa ya pili kilichosema kwamba maji yamekatika. Choo cha Mamlaka ya Maji, naam. Kibao hicho alikiandika mara nne, maana kila kilipochakaa maji yalikuwa hayajarudi.

Alikaa chumba namba kumi na nne, katikati ya kabati la mafaili lisilofunguka na printa inayotafuna karatasi. Alikuwa na digrii ya lugha, miwani mizito, na mkataba wa muda ambao ulikuwa umeongezwa mara tatu. Mara ya nne haikuwepo. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ule, ama angepewa barua ya ajira ya kudumu, ama angekusanya kamusi zake na kwenda zake. Barua yenyewe ilikuwa tayari mezani kwa Mkurugenzi, ikingoja sahihi tu. Kimya alijua kila neno lililokuwemo kwa sababu aliiandika mwenyewe. Barua zote za ofisi ile aliandika yeye, za kuajiri, za kuonya na za kumtakia mtu mapumziko mema ya uzeeni, na hakuna aliyeona ajabu kumwambia ajiandikie na ya kwake.

Sasa, Mkurugenzi alikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Karatasi haikuingia ofisini kwake ikatoka bila jeraha. Si kwamba alikuwa na cha kusahihisha. Aliamini tu kwamba bosi anayepitisha kitu kama kilivyo ataonekana hakusoma. Mwaka wa kwanza Kimya aliumia sana. Aliandika, "Maji yatakatika kesho kuanzia saa mbili asubuhi." Tangazo lilirudi hivi: "Katika kuendeleza jitihada za dhati za kuboresha huduma, wateja wetu wapendwa wanaarifiwa kwamba," na ile saa mbili asubuhi ikatokeza kwenye mstari wa tisa, wakati wateja wapendwa wameshajipaka sabuni.

Mwaka wa pili akaipata dawa yake. Aliona kwamba Mkurugenzi hafuti vitu viwili. Akishapata kimoja cha kukata, hushusha pumzi, huweka sahihi na kuagiza chai. Basi katikati ya kila tangazo Kimya akaanza kupachika sentensi moja ya kufutwa. Na ni sentensi gani ambayo pale ingefutwa bila kukosa? Ya kweli. "Bomba hili lilitakiwa kubadilishwa miaka sita iliyopita." "Mafundi walichelewa kwa sababu gari lao lilikuwa limepeleka maharusi." Mkurugenzi alizipiga mstari, akatikisa kichwa na kusema, "Binti, bado hujakomaa," na yale mengine yakatoka mazima, saa mbili asubuhi ikiwa juu kabisa kama inavyostahili. Sentensi bora alizowahi kuandika Kimya zimo kwenye mafaili yale, zimelala chali chini ya wino mwekundu.

Wiki ile ya mwisho wa mwezi Mkurugenzi alikuwa safarini, kwenye semina ya siku nne kuhusu mawasiliano na umma. Aliyekaimu ni Mhandisi Mkuu, mtu mpole aliyejua kila koki ya mji ule na asiyependa kusoma chochote kisicho na namba.

Jumatano asubuhi simu ikapigwa kutoka maabara. Pampu inayotia dawa kwenye maji ya mitaa ya juu ilikuwa imekufa tangu Jumapili, na maabara walikuwa wameshaarifu siku hiyo hiyo. Mafundi walikuwa wanaishughulikia, lakini maji yaliyokwisha kwenda majumbani hayakufaa kunywewa. Kimya alikaa, akaandika kwa dakika ishirini. Mstari wa kwanza: "Wakazi wa mitaa ya juu, chemsheni maji ya kunywa." Halafu maelezo, namba ya simu, siku ya kutegemea nafuu. Na katikati, kwa mkono uliozoea, akapachika: "Pampu iliharibika Jumapili na sisi tulijua Jumapili hiyo hiyo. Tunawaambia leo Jumatano. Tumekosa, na tunawaomba radhi."

Akapanda ghorofani.

"Kuna namba humu?" Mhandisi akauliza.

"Ipo ya simu, bosi."

Akaisoma ile namba ya simu, tarakimu moja moja, kidole juu ya karatasi. "Iko sawa," akasema, akatia sahihi.

Mama Mihuri, katibu muhtasi, alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Mwanamke huyu alipewa jina hilo kwa sababu mihuri yote ya Mamlaka ilikaa kwenye mkoba wake, na hata chooni alikwenda nao. Aliichukua karatasi, akaigonga muhuri, akaituma redioni na magazetini kabla Kimya hajafika ngazi ya tatu. Naye Kimya akashuka akiwa na furaha tele: mstari wa kwanza haujaguswa!

Saa saba mchana alikuwa chumba cha chai, kijiko kikombeni, redio ikiwa juu ya jokofu. Msomaji wa habari akasoma tangazo la Mamlaka ya Maji. Alipofika katikati akasita, kama mtu aliyekanyaga kitu. Akasoma, "Tumekosa, na tunawaomba radhi." Kisha, jambo ambalo halijapata kutokea redioni, akarudia.



"Nani huyo kaandika?" akauliza dereva, mdomo umejaa mkate. "Huyo kweli kaaga kwao!"

Watu wanane wakageuka kumtazama Kimya. Kijiko kikamponyoka. Ndipo alipokumbuka kwamba sentensi ya kufutwa inahitaji mtu wa kuifuta.

Jioni alimkuta shangazi yake barazani, muuguzi mstaafu ambaye ndiye aliyemlea tangu darasa la nne, anafunika ndoo ya maji yaliyochemshwa. Shangazi alikuwa anacheka peke yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae, mama wa radhi. Mimi nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na mbili, sijasikia ikimwomba mtu samahani. Nilidhani kuna mtu kapindua nchi."

"Watanifukuza, Shangazi. Ijumaa anarudi, na barua haijasainiwa."

"Mtaa mzima unachemsha. Hata yule jirani anayesema vijidudu ni habari za wazungu, kawasha jiko. Mngesema mnaboresha huduma, ningekunywa gilasi nzima mimi." Akamtazama juu ya miwani. "Lakini niambie. Ulisahau kweli?"

"Nilisahau."

"Haya," akasema Shangazi, kwa namna ya mtu anayefunga mjadala bila kukubali.

Kimya hakula. Alipanga kamusi zake kwenye boksi, akapima uzito, akazitoa tena kwa sababu boksi lilipasuka.

Ijumaa saa nne asubuhi aliitwa. Mkurugenzi alikuwa bado amevaa kitambulisho cha semina shingoni. Mbele yake kulikuwa na lile tangazo, na kando yake ile barua.

"Kaa," akasema. Kimya akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Andika kanusho. Sasa hivi. Hapa hapa."

Kimya akafungua daftari. Sauti yake ilitoka ndogo kama ya simu inayokaribia kuisha chaji. "Tukanushe kipi, bosi?"

"Hayo yote!"

"Tuseme pampu haikuharibika?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Nje ya dirisha, uani, mafundi watatu walikuwa wanaipakia pampu yenyewe kwenye gari. Akaufunga.

"Kanusha hiyo ya Jumapili."

"Maabara walipiga simu Jumapili saa tatu, bosi. Imo kwenye daftari la simu. Mpokeaji kaandika na jina la aliyearifiwa." Hakusema jina. Halikuwa na haja, kwa vile mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake.

"Basi hilo la radhi. Hilo hilo tu."

Kimya akaandika, kisha akasoma polepole: "Mamlaka inapenda kuufahamisha umma kwamba haiombi radhi."

Wote wawili wakalisikiliza lile neno likikaa chumbani. Ilikuwa dhahiri kwamba Mkurugenzi anamsikia kichwani yule msomaji wa habari akilisoma saa saba mchana. Mara mbili.

"Achana nalo," akasema. Akajifuta uso. "Lakini wewe, binti wa watu, ni shetani gani aliyekupanda? Kwa nini uliandika kitu kama kile?"

Hapo Kimya angeweza kusema uchovu, angeweza kusema haraka. Lakini hakuwa na ufundi wa uongo wa papo kwa papo. Uongo aliuzoea ukiwa na muda wa kuhaririwa.

"Niliandika ili ukifute, bosi."

"Nikifute?"

"Huwa unafuta kitu kimoja. Ukishakifuta, mengine unayaacha. Kwa hiyo huwa nakuwekea."

Mkurugenzi akainuka, akavuta faili la matangazo kutoka kwenye rafu. Akafungua. Kidole kikatua juu ya mstari mwekundu.

"Hili la bomba la miaka sita?"

"Nilikuwekea."

"Gari la maharusi?"

"Nilikuwekea, bosi. Samahani."

Akageuza kurasa kama mtu anayehesabu majeruhi. "Na hili hapa? Nililofuta Machi?"

Kimya akainama kutazama. "Hilo hapana. Hilo ulifuta mwenyewe. Lilikuwa zuri."

Mkurugenzi akakaa. Radhi iliyosomwa nchi nzima ilikuwa imemkasirisha, hili lilimuuma. Alionekana mdogo kuliko kiti chake. "Miaka miwili," akasema taratibu. "Miaka miwili mimi narudi nyumbani namwambia mke wangu, leo nimewaokoa."

"Uliwaokoa, bosi. Wangesikia yale ya maharusi."

Hakucheka. Akaivuta ile barua ya ajira, akaizungushia mkono kama mwanafunzi anayeficha mtihani. "Na humu umeniwekea nini?"

"Humo sijaweka kitu."

"Usinichezee."

"Kweli, bosi. Hiyo niliogopa."

Hakumwamini hata kidogo. Akaisoma barua kuanzia nembo hadi nafasi ya sahihi. Akairudia. Akaisoma mara ya tatu kutoka chini kwenda juu, akitafuta mtego. Kimya alihesabu pumzi zake mwenyewe. Barua ilikuwa na sentensi tano. Akifuta ya kwanza, hana cheo. Akifuta ya pili, hana mshahara. Akifuta ya tatu, ni mkataba wa muda tena.

Kalamu nyekundu ikashuka, ikaelea, ikatua kwenye ya nne: "Mamlaka imeridhishwa sana na utendaji wake na busara yake." Akaipiga mstari. Akaurudia mstari, uwe mnene. Akashusha pumzi, akatia sahihi.

"Hiyo inatosha," akasema. "Nenda kachape upya, uniletee nisaini safi. Na waambie waniletee chai."

"Asante, bosi."

Kimya akatoka na barua mkononi, akasimama koridoni. Kushoto ni ngazi za kwenda chumba namba kumi na nne, kwenye printa. Aichape upya? Airudishe mle ndani, ikiwa safi, bila jeraha hata moja, mbele ya mtu yule na kalamu ile?

Akageuka kulia, akaiweka mezani kwa Mama Mihuri.

Mama Mihuri akashusha miwani. "Mbona ina mstari huu? Si ungeichapa tena, mdogo wangu, ikae vizuri?"

"Iko vizuri hivyo hivyo, dada."

"Hapa kafuta kwamba una busara."

"Nimeona."

Mama Mihuri akaikagua sahihi, akaukagua wino mwekundu, akaridhika. "Afadhali," akasema, akifungua mkoba. "Ingekuja bila alama yake, ningesema umeghushi." Akaupumulia muhuri, akaugonga kwa nguvu hadi vikombe vikaruka.