Mbegu za Tendwet Hazingoji Mtu

Mama yangu hajawahi kuelewa kwa nini msichana wa Makueni, aliyekulia kwenye ukame na mbaazi, afanye shahada ya uzamifu juu ya miti ya mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri. "Huku kwetu hakuna miti?" aliniuliza nikifunga mizigo. Nyinyi mlioniombea pale kanisani niliwaahidi nikirudi nitawaeleza nilichofuata huko. Basi nawaeleza.

Mti wenyewe Wakipsigis wanauita tendwet. Ni mti mrefu wa nyanda za juu, na maganda yake ni dawa. Kwa sababu hiyo umechunwa na kukatwa hadi sehemu nyingi haupo tena. Kazi yangu ni kutafuta njia ya kuuotesha upya. Shida ni mbegu. Ukizichuma ukaziacha zikauke, zimekufa, na tena mti wenyewe hauzai vizuri kila mwaka. Mwaka uliopita nilikwenda nikapata majani matupu. Msimamizi wangu aliniambia kwa upole, ule upole unaotisha, kwamba nikikosa mbegu tena msimu huu itabidi niache utafiti huo na nianze mwingine. Ndiyo sababu niliondoka nyumbani nikiwa sina raha.

Kabianga nilifika mchana, chai imetanda pande zote kijani kibichi mpaka macho yakachoka. Watu wa kitalu cha chuo kikuu cha pale walinipa kona yenye kivuli, mchanga, na mabomba ya maji yasiyovuja. Sikuwa na cha kuwapa isipokuwa shukrani, nao walizipokea kana kwamba ndizo walizokuwa wakizitaka.

Kesho yake nilipita Bomet mjini hadi Merigi, nyumbani kwa Mama Cheptoo na mumewe, Mzee Arap Langat. Ni wakulima wa chai na ng'ombe, na mto unapita chini ya shamba lao. Kando ya mto huo imebaki miti minne ya tendwet. Mama Cheptoo alinipokea kwa mursik, yale maziwa yao yaliyoganda ndani ya kibuyu na kutiwa unga wa mkaa. Mimi mursik sikuipenda mara ya kwanza wala ya pili. Ya tatu niliomba niongezewe, naye akacheka.

"Sasa umekuwa mtu ya hapa," alisema. "Twende uone miti yako. Mwaka hii imezaa."

Kweli ilikuwa imezaa. Juu kabisa, kwenye matawi ambayo hata ngazi isingefika, vitunda vilikuwa vimeanza kugeuka kutoka kijani kwenda zambarau. Nilisimama pale chini nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kikamba. Zilibaki siku chache tu viive. Nilitoa rangi nikaweka alama kwenye kila shina, kama tunavyofanya sisi watafiti popote, nikarudi Kabianga kuandaa kitalu. Rangi ilikuwa nyekundu.

Hapa ni lazima niwaeleze jambo la nchi ile, kwa kuwa hata mimi sikulijua. Viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni, kwa hiyo karibu kila mkulima ana mikaratusi ya kuuza. Mnunuzi akija mnakubaliana, mwenye shamba anapaka alama nyekundu kwenye miti iliyouzwa, kisha anaendelea na shughuli zake. Mkataji akifika haulizi mtu. Akiona nyekundu, anakata. Mzee Arap Langat alikuwa ameuza mikaratusi yake ya upande wa juu wa shamba, na mimi sikuwa nimefika huko juu.

Asubuhi ya siku ya tatu simu ililia nikiwa nachekecha mchanga. Alikuwa Mama Cheptoo, anahema.

"Kuja, mwalimu. Mti moja imeanguka."

"Upepo?"

"Hapana. Msumeno."

Niliacha mchanga pale pale nikaanza safari ya kurudi Merigi. Nilikuwa nimekasirika, na kibaya zaidi sikujua wa kumkasirikia. Nilijiona tayari nikimwelezea msimamizi wangu, naye ananisikiliza kwa ule upole wake.

Nilipofika mtoni nilikuta tendwet moja imelala chini, ule mti mkubwa kuliko yote. Tatu zilikuwa zimesimama. Kwenye gogo alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, msumeno wa petroli ameuweka mbali naye kwenye nyasi. Huyu alikuwa Ombati, mkataji, Mkisii anayeishi Chepilat. Mama Cheptoo alinieleza yaliyotokea. Alikuwa kwenye kituo cha kuuzia chai, kapu lake liko kwenye foleni ya mzani, aliposikia msumeno. Mikaratusi iko upande wa juu, na sauti ilikuwa inatoka upande wa mto. Aliacha kapu pale pale akateremka mbio, akamkuta Ombati ameshaangusha mmoja na anaelekea wa pili.

"Nilisimama mbele ya mti," alisema. "Nikamwambia, kama unakata hii, anza na mimi."

Ombati alisimama nilipomgeukia. "Madam, mimi nimeona alama. Mzee aliniambia nikate ile iko na alama. Mama hakuwa nyumbani, na mzee mwenyewe ameenda Bomet."

"Kwa nini hukuenda zako?" nilimuuliza. Swali lilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Niende wapi? Ningetoroka, ungesema nilifanya makusudi. Nimekaa ndio uniambie mwenyewe vile unataka kuniambia."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Mtu aliyekaa saa hizo zote kwenye gogo akisubiri kutukanwa, utamtukana vipi? Nilikaa chini nikalia kidogo, mbele yao wote wawili, wala siwafichi. Mama Cheptoo alinishika bega akaniacha nimalize.

Nilipoinua macho ndipo nikaona kilele cha mti. Kilikuwa kimeangukia kwenye nyasi laini kando ya maji, matawi yake yote yakiwa kwenye usawa wa mikono yangu, na vitunda vilikuwa vimeiva. Lakini vilikuwa vingi, jua lilikuwa limeshapanda, na mimi ni mtu mmoja. Kufikia jioni vingekuwa vimeanza kunyauka.

"Hizi zikikauka basi?" aliuliza Mama Cheptoo.

"Basi."

Hakuniuliza zaidi. Alipanda mlimani akiita majina. Kumbe wanawake wa pale wana kikundi cha kuchumiana chai kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na siku hiyo zamu ilikuwa ya shamba lake. Chai ikipitisha siku yake inakomaa, na majani yaliyokomaa kituo hakiyapokei. Nilijua hivyo, nikaanza kumkataza. Alinijibu bila kugeuka.

"Chai itamea tena wiki ijayo. Hii wewe mwenyewe umesema haizai kila mwaka."

Waliteremka na makapu yao mgongoni, wakazunguka ule mti ulioanguka kama wanavyoingia shambani. Niliwaonyesha kitunda kimoja cha zambarau na kimoja cha kijani. "Hiki ndiyo, hiki hapana." Hawakuhitaji somo la pili. Wachumaji wa chai hutumia mikono yote miwili kwa pamoja, na macho yako mbele ya vidole. Walichuma wakiongea habari za harusi ya mtu nisiyemjua, na wakaniuliza kama huko Ukambani mahari hulipwa kwa mbuzi. Mchana haujafika, matawi yalikuwa matupu na makapu yamewekwa kivulini.

Ombati alikuwa bado hajaondoka. "Madam, na ile imesimama utafikia vipi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa sijui. Utafiti ulihitaji mbegu za zaidi ya mti mmoja, na nilikuwa nimepanga kutafuta mpandaji. Alivua gambuti, akajifunga kamba kiunoni, akapanda. Alipanda miti yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, akituteremshia matawi madogo kwa mkono wake mwenyewe ili yasichubuke. Jioni tulikamua vitunda, tukaosha mbegu mtoni, tukazifunika kwa unga wa mbao mbichi, ambao kwa bahati mbaya na nzuri ulikuwepo tele.

Mzee Arap Langat alirudi kutoka Bomet akasikia yote. Alienda akaushika ule mti kwa kiganja. "Huu ulikuwa hapa kabla ya baba yangu," alisema. Nilimwomba msamaha, naye akaniomba mimi. Hatukukubaliana kosa ni la nani, tukaishia kunywa chai.

Kabianga nilipanda mbegu siku iliyofuata. Ziliota. Nililala usingizi wa mtoto usiku ule nilipoiona ya kwanza imetoboa mchanga, nikampigia mama, naye kwa mara ya kwanza hakuniuliza kuhusu miti ya Makueni.

Mvua kubwa zilipofika nilirudi Merigi na miche. Mingine ni ya utafiti, ina namba zake. Mingine niliitenga kwa ajili ya wale wanawake, kila mmoja mche wake, na hakuna aliyekosa kuja kuuchukua. Mimi nilidhani nakwenda nchi ile kuokoa mti. Nilichojifunza ni kwamba huwezi kuokoa kitu kwenye shamba la mtu mwingine bila kwanza yeye kukuokoa wewe. Mungu awabariki wale watu.

Tulipokuwa tunamaliza, Ombati alifika kwa pikipiki. Hakuwa amealikwa, wala hakuwa na msumeno. Alisimama kando hadi wanawake wakatawanyika.

"Madam, imebaki hata moja?"

"Ya nani?"

"Yangu. Mimi nimekata miti ya kila mtu, kutoka hapa mpaka Chepilat. Kwangu hakuna hata moja."

Nilimpa uliokuwa mzuri kuliko yote, ule niliokuwa nimeuficha nyuma ya pipa nikitaka kurudi nao nyumbani. Alivua koti, ingawa manyunyu yalikuwa yameanza, akauzungushia mche, akauweka mbele yake juu ya tangi. Kisha akaingia barabarani, akaondoka polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mche, na magari nyuma yake yanapiga honi naye hageuki.