Nyama Iliyomwogopa Shoka

"Nyama ninayoikata mimi haiozi!" Shoka alitangaza mbele ya bucha lake, shoka lenyewe begani, watu kumi na wanne wakiwa kwenye foleni. "Haithubutu. Inaniogopa!"

Watu wakacheka. Mchinjaji mwenye mwili kama mlango wa ghala akitania, kila anayetaka kupimiwa vizuri hucheka. Na kwa kweli palikuwa na la kushangaza pale. Mabucha mengine ya mtaa ule yakifika Ijumaa yalitoa harufu ya kumfukuza paka, lakini kwa Shoka hakuna aliyewahi kuona nyama ikitupwa. Ile isiyouzwa ilipotelea uani, na baada ya siku tano ilirudi dukani ikiwa mikanda myeusi-myekundu, mikavu, inayonukia moshi, ikauzwa ghali kuliko mbichi. Wateja waliiita nyama kavu ya Shoka, na Shoka hakuwasahihisha.

Mdomo ulioharibu mambo ulikuwa wa mkewe. Alikuwa pembeni akifunga nyama kwenye magazeti, utani ukamtoka kabla hajautafuna.

"Inakuogopa wewe," alisema, "lakini inanisikiliza mimi."

Foleni nzima ililipuka. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mwanamume ambaye angeacha mazishi ya mjomba wake ili asikilize utani, alipiga meza yake kwa mkasi. "Shoka, umejibiwa! Kumbe fundi yuko uani, huku mbele tumewekewa kipaza sauti!"

Shoka naye alicheka. Alicheka mpaka saa kumi na moja alipofunga bucha. Kisha akaingia jikoni, akaukamata mkono wa kulia wa mkewe, akaulaza juu ya gogo la kukatia, na kuupiga kwa chuma cha kunolea visu. Pigo moja tu. Mfupa juu ya kifundo ulilia kama kuni kavu.

"Haya, sasa iambie nyama ikusikilize," alisema, akaenda kunawa mikono.

Mama mkwe, mama mzazi wa Shoka, alikuwa palepale, ungo mapajani, akichambua mchele. Hakuinua macho. Ila mchele ule aliuchambua upya tangu mwanzo, na ulikuwa tayari hauna hata punje ya jiwe.

Hospitalini mke alisema ameteleza bafuni. Daktari alimwangalia, akauangalia mkono, akaufunga kwa plasta ngumu kuanzia kwenye mizizi ya vidole hadi chini ya kiwiko.

"Unafanya kazi gani?"

"Ninakata nyama."

"Basi huu ndio ofisi yako. Wiki sita. Usiinue hata sufuria. Ukiusumbua kabla mfupa haujashika, utaunga kombo, na vidole hivi havitafunga tena."

Toka hapo akawa na wazo moja tu kichwani, mkono. Mengine, ndoa na bucha na maneno ya majirani, aliyapanga nyuma kama vyombo vya wageni. Alilala ameukumbatia, alikula kwa kushoto akijimwagia mchuzi kifuani, na kila Shoka alipopita karibu aliuficha mgongoni.

Hayo yalikuwa ya Jumamosi. Jumatatu transfoma ya mtaa ililipuka kwa kishindo kilichowaangusha kunguru, na umeme ukaondoka bila kusema utarudi lini. Ndani ya friza la Shoka mlikuwa na ng'ombe mmoja na nusu. Nyapara wa kambi ya wajenzi wa barabara alikuwa ameagiza kilo themanini za nyama kavu, za kuchukuliwa Jumamosi, na kilo tatu mbichi huzaa moja tu kavu. Oda ile ilikuwa kubwa kuliko zote tangu bucha lifunguliwe, na mtaa mzima ulikuwa umeshaelezwa, mara mbili.

Jumanne asubuhi maji mekundu yalikuwa yakitiririka chini ya friza. Shoka alilipiga teke likabonyea ubavu. Halikuganda. Akalipiga la pili. Kisha akamwita mkewe.

"Kisu kile pale. Anza."

"Kwa mkono upi?"

"Huohuo. Si vidole ninaviona?"

"Daktari amesema—"

Kofi lilimtupa kwenye rafu ya masufuria, masufuria yakamshukia moja baada ya jingine. Aliinuka ana damu menoni, plasta iko nyuma ya mgongo.

"Niue," alisema. "Lakini mkono huu sikupi. Nitakuelekeza, wewe utakata."

Kumuua kungechukua muda, na nyama ilikuwa na haraka. Shoka alichukua kisu.

Mke alimweleza yote, hakumficha hata neno. Alikuwa amefundishwa na mama mkwe huyuhuyu, mwaka wa kwanza wa ndoa, uani hapohapo. Kwenye nyama, mama mkwe alimwambia, kuna wadudu wadogo wasioonekana. Wanakula, wanazaana, na harufu unayoisikia ndiyo uchafu wao. Wanataka vitu viwili, joto na maji. Joto huwezi kulizuia bila friza, basi wanyime maji. Usihangaike na panga, chumvi huua kwa kiu. Inaifinya nyama mpaka inalia, upepo unayafuta machozi, moshi unabaki kulinda mlango.

"Toa mifupa yote kwanza," alisema. "Kata mikanda, unene wa kidole, kwa kufuata nyuzi za nyama. Sugulia chumvi kila upande, iache usiku kucha itoe maji, uyamwage. Halafu tundika kivulini penye upepo, mkanda usiguse mwenzake. Funika kwa chandarua, inzi wasitage. Moshi mwishoni, mdogo."

"Unene wa kidole!" Shoka alicheka kwa pua. "Nimeanza kuchinja wewe unanyonya. Nyama ya mwanaume ikatwe kama utepe wa nywele?"

Alikata mapande manene kama paja, mifupa ndani. Alikata kama anayelipiza kisasi, vipande vikiruka ukutani na kuacha alama. Chumvi aliirusha kwa juu, kama anayemwagia mtu mchanga machoni. Hakusubiri usiku kucha. Akayatundika juani, kwenye waya, yakigusana mabega, bila chandarua. "Jua kali ndilo moto wa bure," alisema.

"Jua kali litaifunga nje," mke alimwambia, "maji yabaki ndani na ule mfupa. Itaonekana imekauka, kumbe imejifungia chumbani na ugonjwa."

Chuma cha kunolea kilipita karibu na sikio lake, kikavunja kioo cha dirisha.

Alimgeukia mama mkwe, aliyekaa kwenye kigoda chake mlangoni. "Mama, mwambie basi! Wewe atakusikia."

Mama mkwe alijikuna goti. "Mwanangu amewatangazia watu kwamba nyama inamwogopa. Mimi ni nani hata niingilie?"

Kwa siku tatu inzi walikuja kama walioalikwa. Shoka aliwapiga kwa taulo, aliwapiga kwa ubao, alivunja ndoo mbili na kumpasua jirani mdomo kwa kuuliza kunanuka nini. Ijumaa mapande yalikuwa meusi na magumu, ukiyagonga yanajibu kama mlango. Shoka aliyagonga moja moja, akifurahi kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Akayashusha yakiwa ya moto na kuyasokomeza kwenye magunia ya plastiki, akafunga midomo kwa kamba.

Mke alisubiri atoke, akafungua gunia moja kwa mkono wa kushoto. Ndani kulikuwa na jasho. Alibonyeza pande kwa dole gumba, karibu na mfupa. Dole lilizama, na shimo likabaki. Kikatoka kijiharufu kitamu, kama cha tunda lililolala, ambacho mkata nyama yeyote akikisikia hurudi nyuma hatua moja.

"Hii itaua watu," alimwambia Shoka aliporudi. "Ipasue ujionee."

Ngumi ya tumbo ilimkalisha chini. Alikaa pale sakafuni, hawezi kuvuta pumzi, akawa anawahesabu wajenzi kichwani. Aliwahi kuwaona barabarani, vijana waliobabuka mabega, wanaokula kwa pamoja kwenye sufuria moja.

Jumamosi saa nne nyapara alifika na wajenzi wanne wenye sepeto, kwa maana walitokea kazini moja kwa moja. Mtaa ulikuwa umekusanyika. Fundi cherehani alikuwa amehamisha kiti chake nje kabisa.

"Tazama mali!" Shoka aliligonga pande kubwa kwa ngumi. "Friza halina umeme wiki nzima, na hii hapa. Nilisema nini? Inaniogopa!"

Nyapara aliligonga pia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kufungua mkoba. Hapo mke wa Shoka akatoka mlangoni, plasta kifuani.

"Shemeji," alimwambia nyapara, "kwani siku hizi nyama kavu inanunuliwa bila kupasuliwa?"

Shoka alimtazama mkewe kwa macho ya machinjioni.

"Kweli," nyapara alisema. "Pasua moja, kaka."

Watu walikuwa wengi mno kwa mtu kukataa. Shoka akaliweka pande juu ya gogo, akainua shoka, akalishusha. Ganda la nje lilipasuka kama chungu. Ndani kulikuwa kijani, kumelowa, kuzunguka mfupa pakichemka funza weupe. Harufu ilitoka kama mtu aliyefungiwa. Mjenzi mmoja alitapika juu ya viatu vyake.

"Ni kweli inamwogopa!" fundi cherehani alipaza sauti, shati limeziba pua. "Tazameni, imeota miguu ikimbie!"

Hakuna aliyeweza kujizuia, hata aliyekuwa anatapika. Shoka alizunguka na shoka lake, na kati ya nyuso zote zile alichagua moja.

"Umeiroga! Umeiroga nyama yangu!"

Shoka lilikuja kwa nguvu ya mikono miwili. Mke alijitupa pembeni, chuma kikazama kwenye fremu ya mlango hadi shingoni. Shoka alivuta, halikutoka. Akaweka mguu ukutani avute tena, uso wake ukiwa karibu kabisa, na mke alikuwa na mkono mmoja mtupu na mwingine mgumu kama ukuta wa benki. Alifikiria wiki sita. Alifikiria vidole. Kisha akampiga nao puani.

Plasta ilipasuka. Pua pia. Akampiga tena, akilia kwa maumivu yake mwenyewe, na la tatu lilimwangusha Shoka chali juu ya magunia yake, nalo gunia moja likapasuka chini yake.

Wajenzi ndio walioendeleza, kwa mipini ya sepeto, kwa zamu, kama wanaoshindilia lami. Walivunja mbavu na taya, na mtaa uliokuwa ukimchekea kwenye foleni ulipanga foleni nyingine. Mwenye mdomo uliopasuliwa hakukosa zamu yake. Aliyewasimamisha alikuwa mama mkwe. Aliinuka kigodani, akaingia katikati ya mipini.

"Inatosha. Mwacheni apumue." Alimtazama mwanawe. "Huyu ameanza kuoza mfupani, kama baba yake. Nililiona zamani, nikanyamaza." Akaufunua mkono wake wa kushoto mbele ya mkwewe, na kwa mara ya kwanza mke aliona kwamba ulikuwa umeunga kombo, na vidole viwili havifungi. "Twende hospitali, mwanangu. Mimi sikuwahi kupelekwa."

Daktari aliufunga upya mkono, bila kuuliza kuhusu bafu. Mfupa uliunga kombo kama alivyosema. Vidole viwili havifungi hadi leo.

Shoka siku hizi anapakua mizigo stendi. Pua yake imelala kushoto, upande uliko mtaa wa mkewe, na fundi cherehani anasema ndiyo njia pekee anayoruhusiwa kumtembelea. Mkewe na mama mkwe wamepanga chumba kimoja chenye ua na upepo. Wana mikono minne kati yao, na vidole kumi na sita vinavyofanya kazi. Mmoja anashikilia nyama, mwingine anakata, mikanda ya unene wa kidole, bila mfupa. Kila mkanda wanaukunja mbele ya mteja ili aone nyuzi zinavyopasuka, hata kama hakuomba.

Nyapara huja kila mwezi. Mara ya kwanza alijaribu kuomba apunguziwe, kwa kuwa siku ile alisaidia.

Hakupunguziwa: nyama kavu, kilo moja, ni shilingi elfu kumi na sita, elfu moja kwa kila kidole.