Baraka ya Mate ya Kahawia

Aibu yangu inajulikana Lodwar mpaka Kakuma, kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wale wanaoongeza chumvi.

Shule niliachia darasa la pili, lakini nimeuza mbuzi tangu Lokori mpaka nikajenga duka la mawe hapa Lodwar, na nikisema neno watu wanatulia. Sasa ndugu yangu mdogo, Lokwang, chakula kikaanza kumkwama kooni, hata uji, na hospitali hataki kusikia (kichwa ngumu, kama marehemu baba). Nikamwita sista Akiru, muuguzi wa Kakuma, aje aongee na watu wa mtaa wetu wa Nawoitorong, Lokwang akiwepo. Nikafungua mkutano mwenyewe: "Etaba hii ya kutafuna mimi niliacha! Tumbaku itanishinda mimi?" Makofi.

Sista akaeleza: tumbaku ya kutafuna, chai ya kuunguza ulimi, moshi wa kuni ndani ya nyumba, hivyo vyote vinaongeza hatari ya saratani ya koo, ingawa si kila mtu atapata. Aliongea ukweli, lakini aliongea sana, hamu ikanishika, nikageuka kama mtu anayekohoa nikatia tonge dogo la etaba chini ya ulimi, nikijua huyu atamaliza jioni.

Akamaliza papo hapo. "Sasa mzee wetu atubariki."

Jameni! Mdomo umejaa mate ya etaba. Nikimeza, naanguka kwa kizunguzungu, nikikataa kubariki, kwetu hiyo ni kama laana, na baraka ya mzee Mturkana ni mate, lazima umpulizie mtu. Nikainua mkono, nikanguruma, "Ejok?" yaani, ni njema? Watu wakajibu, "Ejok!" Nikapuliza.

Koti jeupe la sista likawa ngozi ya chui.

Halafu Lokwang, mtu aliyesahau kucheka, akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda chake. "Kaka, ndiyo hiyo uliyoacha?"

Sista akajipangusa. "Baraka nimepokea, mzee. Kesho hospitali, wewe wa kwanza kuangaliwa."

"Akienda yeye naenda," Lokwang akasema. "Hiyo siwezi kukosa kuona!"

Tulienda. Mimi nilikutwa mzima; yeye, ugonjwa ulikutwa kabla haujasambaa, akatibiwa, na juzi tumegombania mbavu za mbuzi akanishinda.

Lile koti nililifua kwa mikono yangu, doa likakataa kutoka, na sista analivaa makusudi kila mkutano. Etaba nimeacha, safari hii kweli. Na siku hizi nikiitwa kubariki, kwanza natoa ulimi watu wakague.