Kondoo wa Nyumba Mbili

Wakati wa vita vya mashifta, Garissa ikiwa imezungukwa na vizuizi vya barabarani na kafyu ikipigwa jua halijatua vizuri, mume wangu alipata furaha mpya: sikukuu za Wayahudi. Alikuwa karani serikalini, mimi nafundisha shule ya msingi, sote tumeletwa na uhamisho kutoka bara. Mhubiri mmoja aliyepita na msafara wa malori alimweleza kwamba kila sikukuu ya Agano la Kale ni kivuli cha Masihi, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikupumzika. Akiona Wasomali wakipakia vibanda vyao vya mikeka juu ya ngamia, ananivuta mkono: "Sikukuu ya Vibanda hiyo. Masihi naye alikuja kukaa kwetu kama mtu wa hemani." Nikichoma mahindi ya kwanza ya msimu, anayainua juu na kueleza malimbuko na ufufuo hadi yanapoa. Nilimpenda, lakini mahindi baridi siyapendi.

Pasaka ilipokaribia akatangaza kwamba mwaka huo tutaila kama ilivyoandikwa katika Kutoka: mwana-kondoo dume asiye na kilema, akae nyumbani siku kadhaa kabla ya kuchinjwa, achomwe motoni, aliwe kwa mkate usiotiwa chachu na mboga chungu. Mkate haukunisumbua, maana chapati haijui hamira. Mboga chungu alileta mwenyewe, tawi zima la mwarobaini. Nikamwambia Waisraeli walikuwa wanatoka utumwani, hawakuwa wanatibiwa malaria.

Suala la kupaka damu kwenye miimo ya mlango nililikataa kabisa.

"Malaika akiiona atapita," nikamwambia. "Askari wa doria akiiona ataingia."

Alifikiri, akakubali kwamba damu ya Masihi hupakwa moyoni. Ila ile amri ya kwamba mtu asitoke mlangoni mwake hadi asubuhi ilimfurahisha kupita zote. Kwa kafyu hii, alisema, serikali yenyewe inatusaidia kutimiza Maandiko.

Kondoo akaja, mweupe mwenye kichwa cheusi kama kondoo wote wa huko. Mume wangu alikuwa amemuuliza muuzaji kama kichwa cheusi si kilema, akajibiwa kwamba akitaka cheupe akatafute kwa hao Mayahudi wake. Tukamfunga nyuma ya jiko, na siku ya kwanza tu akala ufagio wangu.

Jirani yetu, tuliyetenganishwa naye na ua wa miiba, alikuwa mama mtu mzima wa Kisomali. Mtaa mzima ulimwita Ayeyo, yaani bibi, nami nikamwita hivyohivyo. Alianza kuja kila alasiri kumtazama kondoo. Mara amfungue kinywa, mara amvute masikio, mara ampapase miguu mmoja baada ya mwingine. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamuuliza kama anataka kumnunua au kumposa.

"Mwalimu, usikasirike," akasema. "Kondoo kama hii ndio natafuta. Haina kilema."

Akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akanieleza. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kwao mzazi hukaa ndani siku arobaini. Zikiisha, kondoo huchinjwa kwa ajili ya mtoto, kisha mama na mtoto hutoka kwa mara ya kwanza, waende wakapokelewe na kulala katika nyumba ya ndugu au rafiki. Arobaini ilikuwa imepita zamani. Lakini mwanawe na mifugo yote walikuwa mbali upande wa Masalani, njia zimefungwa, na nyumba ya dada yake Ayeyo, ambako binti huyo mkwewe angepelekwa, ilikuwa nje ya kizuizi.

"Msichana bado iko ndani," akasema. "Kondoo hakuna, nyumba ya kumbokea hakuna. Atoke aende wabi?"

Yule binti nilikuwa nimemwona mara moja tu, jicho na nusu ya shavu nyuma ya pazia. Moyo uliniuma. Mimi nililalamikia kafyu ambayo kila asubuhi iliisha, na yeye alikuwa hajui yake itaisha lini. Nilimkaribisha Ayeyo chai, hakuimaliza.

Mume wangu alipotoka kazini nikamweleza. Akakunja uso. Kondoo ni wa Pasaka, akasema, na mipango imekamilika. Ilikuwa imekamilika kweli: alikuwa amesikia kwamba Wayahudi humwekea nafasi mezani nabii atakayemtangulia Masihi, basi katika viti vyetu vinne kimoja alikwisha kukifuta na kukiegemeza ukutani, tusikikalie.

Mtu wa Maandiko hubishiwa kwa Maandiko. Nikamnyang'anya Biblia, na kumbe neno lilikuwa palepale kwenye sura yake: nyumba ikiwa na watu wachache wasiomaliza mwana-kondoo, washirikiane na jirani aliye karibu.

"Sisi ni wawili," nikasema, "na kondoo ni mzima."

"Hiyo inahusu jirani Mwisraeli."

"Imesema aliye karibu na nyumba. Kabila sijaliona."

Akaisoma kimya, akaisoma tena kwa sauti, kisha akavaa viatu akaenda kupiga hodi kwenye ua wa miiba. Ayeyo alikubali ushirika, hakukubali sadaka: kondoo wetu, mkono wa kuchinja wao, unga na samli kila mtu wake. Na nyumba ya kumpokea binti, nikapaza sauti kutoka jikoni, ni hii.

Siku yenyewe, baada ya adhuhuri, mzee wa mtaa alimchinja kondoo kwa Bismillahi. Mume wangu akasogea na panga, akiwa na mashaka usoni. Ayeyo akampokonya.

"Wacha. Mfuba haifunjwi."

Kondoo wa mtoto, akaeleza, hukatwa kwenye viungo tu, ili mifupa ya mtoto ikae mizima maisha yake yote. Mume wangu akajipiga paja. Kwa siku kadhaa alikuwa akihangaika na jambo hilohilo, kwa maana kondoo wa Pasaka naye hakuvunjwa mfupa, na Masihi pale msalabani askari hawakumvunja miguu. Akamweleza Ayeyo yote, mikono ikirukaruka. Ayeyo alimsikiliza vizuri huku kisu chake kidogo kikitafuta kiungo cha paja.

"Isa ni Masihi, hata sisi tunajua, na atarudi," akasema. "Hiyo ya msalaba tutabishana siku ingine. Shika mguu."

Kwenye upishi walivutana, huyu anataka wa kuchoma na yule wa mchuzi, hadi kila nyumba ikapika nusu yake.

Jua liliposhuka nilisimama kwenye mwanya wa ua. Ayeyo akatangulia, na nyuma yake akatoka binti, mtoto kifuani, uturi ukinukia. Majirani wakapiga vigelegele vya sauti ya chini, kwa sababu ya askari. Binti alisimama katikati ya uwanja wangu akatazama juu, akatazama kuku, akatazama barabara tupu, akaanza kucheka. Nikalia, na sikuona haya.

Tulipofunga mlango king'ora cha kafyu kikalia. Mezani kulikuwa na chapati, nyama, na mwarobaini ambao hakuna aliyeugusa. Watu wazima tulikuwa wanne, na viti vilivyokuwa mezani ni vitatu. Binti akabaki amesimama. Nilimwangalia mume wangu.

Akaenda ukutani, akakileta kile kiti, akakifuta tena kwa leso yake, akamwekea.

"Hii ilikuwa ya nani?" Ayeyo akauliza.

"Cha mgeni tunayemngoja."

"Basi amechelewa, kafyu imebigwa. Leo atakaa mtoto."

Mume wangu akafungua kinywa kueleza maana yake, akamtazama mtoto, akakifunga. Kisha akamkatia binti nyama, kwenye kiungo.